Kiungo wa Timu ya Jeshi Aliyekataa Kumpiga Majeruhi

Jumamosi ya tarehe 2 Juni 1962, mashindano ya Kombe la Dunia nchini Chile yalikuwa hayajatimiza juma moja. Siku hiyo ilichezwa michezo kadhaa katika miji mbalimbali ya nchi hiyo, na miwili kati yake inafaa kukumbukwa pamoja, kwani iliwaonyesha walimwengu sura mbili za kandanda.

Katika mji mkuu wa Santiago wenyeji walikutana na Italia. Mchezo ulikuwa ndio kwanza umeanza wakati mwamuzi Ken Aston kutoka Uingereza alipomtoa nje Mwitalia Giorgio Ferrini kwa kucheza rafu. Ferrini akakataa katakata kutoka, ikawabidi askari polisi waingie uwanjani kumwondoa. Baadaye Leonel Sánchez wa Chile alimpiga ngumi Mario David wa Italia, na David alipolipiza kwa teke, yeye naye akatolewa. Polisi waliingia uwanjani zaidi ya mara moja kuwatenganisha wachezaji. Chile ilishinda mabao 2 kwa 0, lakini mabao hayo yamesahauliwa na wengi. Kinachokumbukwa ni jina la mchezo wenyewe, ambao hadi leo huitwa Vita vya Santiago.

Siku hiyo hiyo, katika mji wa pwani wa Viña del Mar, Brazili, waliokuwa mabingwa wa dunia, walipambana na Chekoslovakia. Kabla ya mapumziko Pelé, kijana wa miaka 21 ambaye sifa zake zilikuwa zimekwisha kuenea duniani kote, alipiga mkwaju mkali, na papo hapo akahisi msuli wa paja umechanika karibu na kinena. Sheria za wakati ule hazikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia mahali pa aliyeumia. Brazili ilikuwa na njia mbili tu: kubaki na watu kumi, au kumrudisha Pelé uwanjani asimame pembeni akichechemea. Pelé akarudi.

Mpira ulipomfikia, wapinzani waliokuwa karibu naye wangeweza kumvamia, na pigo moja tu lingetosha kumwangusha. Hawakufanya hivyo. Josef Masopust, mcheza kiungo wa Chekoslovakia, alimsogelea, akasimama hatua chache mbele yake, akamwacha autoe mpira kwa mwenzake au nje ya mstari. Wenzake wawili, Ján Popluhár na Jan Lála, walifanya vivyo hivyo. Mchezo ukaisha bila bao. Pelé mwenyewe alisimulia habari hiyo katika miaka ya baadaye, akiwataja wachezaji hao kwa majina, na kusema kwamba ustahi wao ni jambo ambalo hakulisahau.

Masopust ndiye anayezungumziwa katika safu ya juma hili. Aliitumikia timu ya jeshi la nchi yake kwa muda wa miaka kumi na sita, akafika fainali ya Kombe la Dunia, akatangazwa kuwa mchezaji bora wa Ulaya. Hata hivyo, alipofariki dunia mwaka 2015, wengi waliomkumbuka walianza na siku ile ambayo hakupiga.

MTOTO WA MCHIMBA MAKAA

Josef Masopust alizaliwa tarehe 9 Februari 1931 katika kijiji cha Střimice, karibu na mji wa Most, kaskazini-magharibi mwa Chekoslovakia. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Nyumbani walikuwa watoto sita, naye Josef alikuwa wa nne. Eneo lile lilijaa mashimo ya makaa, na watu wake walizoea kuamka gizani na kurudi nyumbani nguo na nyuso zao zikiwa nyeusi kwa vumbi. Kijiji chenyewe hakipo tena. Kilibomolewa katika miaka ya 1950 ili makaa yaliyokuwa chini yake yachimbwe.

Utoto wake uliangukia katika miaka ya dhiki. Alipokuwa na umri wa miaka saba, mwaka 1938, Ujerumani ya Hitler iliunyakua ukanda huo wa mpakani, na vita kuu vikafuata. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Josef alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, naye akajiandikisha katika timu ya mji wa Most. Miaka mitano baadaye alihamia timu ya Teplice iliyokuwa ikicheza katika ligi ya daraja la kwanza. Hakuwa mrefu wala mwenye misuli ya kutisha. Waliomtazama waliona vitu viwili: pumzi isiyokwisha, na miguu iliyoutawala mpira hata katikati ya msongamano wa watu.

JEZI YA JESHI

Katika Chekoslovakia ya wakati huo, kila kijana wa kiume aliwajibika kulitumikia jeshi kwa muda uliowekwa na sheria. Jeshi lilikuwa na timu yake mjini Prague, iliyoanzishwa mwaka 1948, na wakuu wake walikuwa na macho makali. Kijana aliyesifika kwa kandanda alipofikia umri wa kuitwa, aliitwa, akakabidhiwa sare ya askari na jezi ya timu. Ndivyo Masopust alivyofika Prague mwaka 1952. Muda wake wa utumishi wa lazima ulipokwisha, yeye hakuondoka. Aliendelea kuwa mtu wa jeshi na mchezaji wa timu hiyo hadi mwaka 1968.

Jambo hilo halikuwa geni katika nchi za Ulaya ya Mashariki. Huko Hungaria, Honvéd ya Budapest ilikuwa timu ya jeshi, na nahodha wake Ferenc Puskás alifahamika duniani kwa cheo cha meja. Afrika nayo inazijua timu za namna hiyo: Simba FC, timu ya jeshi la Uganda, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika mwaka 1972.

Mwaka 1956 timu ya jeshi mjini Prague ilipewa jina la Dukla. Hilo ni jina la njia ya mlimani katika safu ya Karpathi, mpakani mwa Slovakia na Poland, ambako katika majira ya vuli ya mwaka 1944 askari wa Chekoslovakia walipigana bega kwa bega na Jeshi Jekundu la Kisovieti dhidi ya Wajerumani. Maelfu walipoteza maisha katika milima ile. Kwa hiyo kila mchezaji aliyeivaa jezi ya Dukla alivaa pia kumbukumbu ya marehemu hao.

Lakini heshima ya jina ni jambo moja, na mapenzi ya watu ni jambo lingine. Washabiki wa timu za kiraia hawakuipenda Dukla. Waliona kwamba jeshi huwachukua vijana wao bora kwa nguvu ya sheria, kisha huwafunga kwa miguu ya vijana hao hao. Timu ikashinda sana, na bado majukwaa yake mara nyingi hayakujaa. Masopust aliishi na hali hiyo. Pamoja naye Dukla ilitwaa ubingwa wa nchi mara nane: mwaka 1953 (kabla haijapewa jina hilo), 1956, 1958, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1961 hadi 1964, na mwaka 1966. Ilitwaa pia kombe la nchi mara tatu. Mtu anayefanya kazi mbele ya umati usiompenda ana njia mbili: kuuchukia umati huo, au kufanya kazi vizuri zaidi. Masopust alishika ile ya pili, na taratibu hata mahasimu wa Dukla wakajifunza kumpigia makofi yeye binafsi.

KAZI YA KIUNGO

Wako wasomaji, hasa akina mama na vijana wa nyumbani, wanaofuatilia mpira kwa kusikiliza redio, na huenda hujiuliza kazi ya mcheza kiungo ni nini hasa. Kiswahili kimekwisha kutoa jibu ndani ya neno lenyewe. Kiungo cha mwili, kama goti au kiwiko, ndicho kinachokutanisha mfupa na mfupa. Kikiumia, mguu mzima hauna kazi. Kiungo cha mchuzi hakionekani ndani ya sufuria, lakini kikikosekana kila aliyeketi mezani hutambua. Mcheza kiungo ana kazi hizo mbili. Huwaunganisha walinzi na washambuliaji, na huutia mchezo ladha ambayo mara nyingi sifa zake huchukuliwa na mfungaji.

Katika mpangilio wa zamani Masopust aliitwa hafu wa kushoto. Upande wa kulia, katika Dukla na katika timu ya taifa, alisimama rafiki yake mkubwa Svatopluk Pluskal. Wawili hao walijuana kiasi kwamba mmoja alipopanda kushambulia, mwenzake alibaki kulinda bila kuambiwa. Pluskal alikuwa ukuta, naye Masopust alikuwa mlango wa kutokea.

Kilichompa jina zaidi ni jinsi alivyopita katikati ya wapinzani. Angeuchukua mpira katika nusu ya timu yake, akauvuta kwa mguu mmoja na kuupeleka kwa mwingine, akainama kidogo upande huu ili mlinzi amfuate, kisha akatokea upande ule. Alimpita wa kwanza, wa pili na wa tatu kama mtu anayepita kati ya miti ya shamba la mikahawa, bila kukimbia mno. Wananchi wake waliuita mtindo huo kwa jina lake. Na alipokwisha kuwapita hakupenda kujionyesha. Mpira ulikwenda kwa mwenzake aliyekuwa mahali pazuri zaidi.

SAFARI YA CHILE

Masopust aliichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza mwaka 1954. Mwaka 1958 alikwenda Sweden katika Kombe la Dunia, ambako Chekoslovakia iliichapa Argentina mabao 6 kwa 1, lakini ikatolewa na Ireland ya Kaskazini katika mchezo wa marudiano uliokwenda hadi muda wa nyongeza. Mwaka 1960, katika mashindano ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Ulaya yaliyofanyika Ufaransa, Chekoslovakia ilifungwa na Urusi ya Kisovieti katika nusu fainali, kisha ikaishinda Ufaransa mabao 2 kwa 0 na kushika nafasi ya tatu.

Ilipofika Chile mwaka 1962, timu hiyo haikutarajiwa kufika mbali. Kundi lake lilikuwa na Brazili, Hispania na Mexico. Hispania ilikuwa na majina makubwa, akiwamo Puskás yule yule wa Honvéd, ambaye sasa aliichezea nchi yake mpya. Chekoslovakia ikaifunga Hispania bao 1 kwa 0, lililopatikana mchezo ukikaribia mwisho. Siku mbili baadaye ukafuata mchezo wa Brazili uliokwisha kusimuliwa hapo juu. Kisha timu ikafungwa na Mexico mabao 3 kwa 1, lakini pointi zake zilitosha kuivusha.

Katika robo fainali, mjini Rancagua, Hungaria ilishambulia karibu mchezo mzima, lakini golikipa Viliam Schrojf aliokoa kila kilichomjia, na bao moja la Adolf Scherer likatosha. Katika nusu fainali Yugoslavia ilifungwa mabao 3 kwa 1. Timu ambayo haikutarajiwa kuvuka kundi lake ikaingia fainali, na huko ikawakuta tena Brazili.

Fainali ilichezwa tarehe 17 Juni 1962 mjini Santiago. Pelé alikuwa akitazama tu, kwani jeraha lake halikupona, na nafasi yake ilishikwa na Amarildo. Garrincha, winga hodari wa Brazili, alikuwa ametolewa nje katika nusu fainali, lakini akaruhusiwa kucheza. Katika dakika ya 15 Scherer alipenyeza pasi ndefu katikati ya walinzi, Masopust akaikimbilia kutoka nyuma, akauweka mpira wavuni. Chekoslovakia ikawa mbele kwa bao la kiungo wake.

Furaha hiyo ilidumu dakika mbili. Amarildo alisawazisha kwa mkwaju kutoka pembeni kabisa, karibu na mstari wa goli, Schrojf akiwa ametazamia krosi. Katika dakika ya 69 Zito akafunga kwa kichwa la pili, na katika dakika ya 78 Schrojf, akipigwa na jua machoni, aliudondosha mpira wa juu miguuni mwa Vavá aliyefunga la tatu. Brazili ikabaki bingwa. Golikipa aliyeifikisha timu fainali ndiye aliyelaumiwa siku ya mwisho. Ndivyo kandanda ilivyo.

SHERIA NA MOYO

Hapa huzuka swali ambalo askari yeyote aliyekwisha kushika silaha amewahi kulifikiria kwa namna yake. Je, huruma ya Masopust na wenzake kule Viña del Mar ilikuwa udhaifu? Walikuwa na nafasi ya kuwamaliza mabingwa wa dunia waliobaki kama watu kumi. Hawakushinda siku ile, na siku kumi na tano baadaye mabingwa hao hao waliwanyang'anya kombe.

Inafaa kutazama kwa makini walichofanya na wasichofanya. Hawakuifungulia Brazili lango. Dakika zote tisini Brazili haikupata bao. Kila Mbrazili aliyekuwa mzima alikabwa kama kawaida. Pelé mwenyewe hakupewa nafasi ya kufunga, maana walisimama kati yake na goli. Walichomnyima mpinzani ni bao, na walichomwachia ni mguu wake. Kumzuia mtu na kumuumiza mtu ni mambo mawili mbalimbali, na wao walijua mpaka uliopo kati yake.

Wala hakukuwa na sheria iliyowalazimisha. Wakati ule mwamuzi hakuwa na kadi mfukoni. Ilikuwa rahisi kumpiga mtu na kisha kunyoosha mikono juu kama asiyejua kilichotokea. Miaka minne baadaye, huko Uingereza mwaka 1966, Pelé alipigwa mateke na walinzi wa Bulgaria hata akakosa mchezo uliofuata; aliporudi, Mreno mmoja akamkata mara mbili katika tukio moja, akamaliza mchezo akiwa hajiwezi. Brazili ikatolewa mapema.

Ndipo yule mwamuzi wa Vita vya Santiago, Ken Aston, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu wa shule, alipopata wazo. Akiwa garini mjini London, alizitazama taa za barabarani, akaona kwamba rangi ya njano humwonya dereva na nyekundu humsimamisha, naye haulizi lugha. Kadi za njano na nyekundu zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico, na katika mashindano hayo hayo wachezaji wa akiba wakaruhusiwa kuingia. Ulimwengu wa mpira ulihitaji miaka minane baada ya Chile kuandika katika sheria sehemu ya kile ambacho wachezaji watatu walikuwa wamekitenda kwa hiari yao.

MPIRA WA DHAHABU NA SAFARI YA TRAMU

Mwishoni mwa mwaka 1962 waandishi wa michezo wa Ulaya, waliokusanywa na gazeti la Ufaransa liitwalo France Football, walipiga kura ya kumchagua mchezaji bora wa Ulaya. Masopust alipata pointi 65, akamtangulia Eusébio wa Ureno aliyepata 53. Alikuwa wa kwanza kupata tuzo hiyo, iitwayo Mpira wa Dhahabu, kutoka nchi za kambi ya Mashariki. Ilipita miaka zaidi ya arobaini kabla ya Mcheki mwingine, Pavel Nedvěd, ambaye naye ni mcheza kiungo, kuipata mwaka 2003.

Siku hizi tuzo hiyo hutolewa katika ukumbi uliopambwa, mbele ya kamera za televisheni na watu waliovaa suti. Masopust alikabidhiwa yake uwanjani mjini Prague mwaka 1963, kabla ya mchezo wa robo fainali kati ya Dukla na Benfica ya Eusébio. Yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi ilivyokuwa: Eusébio alimpa mkono, yeye akautia mpira ule ndani ya mkoba wake wa michezo, na mchezo ulipokwisha akapanda tramu, lile gari la reli la mjini, akarudi nyumbani. Mchezaji bora wa Ulaya alisafiri miongoni mwa abiria waliotoka kazini, na tuzo yake ikiwa katika mkoba.

SIKU ALIYOKATAA MKONO

Isidhaniwe kwamba Masopust alikuwa malaika. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1967 Dukla ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya na kukutana na Celtic ya Uskoti. Mjini Glasgow Celtic ilishinda mabao 3 kwa 1. Katika mchezo wa pili mjini Prague, Celtic ilijaza watu nyuma na kulinda kwa nguvu zote. Masopust, akiwa na umri wa miaka 36, alihangaika kutafuta njia bila mafanikio. Filimbi ya mwisho ikalia matokeo yakiwa 0 kwa 0. Alijua kwamba nafasi kama ile haitarudi tena.

Waliokuwapo upande wa Celtic husimulia kwamba wachezaji wao walipomnyoshea mkono, Masopust aliukataa, akaenda zake. Lakini habari haikuishia hapo. Baadaye alikwenda mwenyewe katika chumba chao cha kubadilishia nguo, akawaomba radhi, akawapa mkono. Celtic ilikwenda Lisbon na kutwaa kombe.

Huenda tukio hili lina mafunzo zaidi kuliko lile la Viña del Mar. Kumstahi mtu aliyeumia si jambo rahisi, lakini kumpa mkono mtu mzima aliyekwisha kukushinda ni kugumu zaidi. Masopust aliteleza mbele ya watu, na akajirekebisha bila kungoja aitwe na mkubwa wake.

MWISHO WA SAFARI

Hadi alipoacha kuichezea timu ya taifa mwaka 1966, Masopust alikuwa amevaa jezi hiyo mara 63 na kufunga mabao 10. Mwaka 1968, alipokwisha kutimiza miaka 37, aliruhusiwa kwenda kucheza nje ya nchi, jambo ambalo wachezaji wa nchi yake waliokuwa bado vijana walinyimwa. Alikwenda Ubelgiji katika timu ya Crossing Molenbeek ya Brussels, akaisaidia kupanda hadi daraja la kwanza. Baadaye akawa mwalimu wa mpira. Mwaka 1978 aliiongoza Zbrojovka Brno kutwaa ubingwa wa Chekoslovakia, na kuanzia mwaka 1984 hadi 1987 aliifundisha timu ya taifa. Alifanya kazi hiyo pia Ubelgiji na Indonesia.

Mwaka 2003, Shirikisho la Kandanda la Ulaya lilipokaribia kutimiza miaka hamsini, kila nchi mwanachama iliombwa kumtaja mchezaji wake bora wa kipindi hicho. Wacheki wakamtaja Masopust. Mwaka uliofuata Pelé alipotakiwa na FIFA kuandika orodha ya wachezaji wakubwa waliokuwa hai, alilitia jina la Masopust. Mwaka 2012 sanamu yake ilisimamishwa katika uwanja wa Juliska mjini Prague, nyumbani kwa Dukla, pale ambapo majukwaa hayakuwa yakijaa. Alifariki dunia mjini Prague tarehe 29 Juni 2015, akiwa na umri wa miaka 84.

Askari aliyefunzwa vema anafahamu kwamba Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 humkinga mpiganaji aliyejeruhiwa na asiyeweza tena kupigana, hata kama dakika moja kabla alikuwa adui mkali. Polisi naye anafahamu kwamba nguvu zake hukoma pale mtuhumiwa anapokuwa amekwisha kudhibitiwa. Mambo hayo hufundishwa chuoni na kuandikwa katika madaftari. Lakini yanapotakiwa kutendwa, hakuna nafasi ya kufungua daftari, na mara nyingi hakuna mkubwa wala mwamuzi anayetazama.

Kila jioni, katika viwanja vya kambi na vya kota, watoto hucheza mpira wa matambara au wa ngozi iliyochakaa. Yupo mmoja atakayeanguka akishika goti, na yupo mwingine atakayekuwa karibu naye, mpira ukiwa miguuni na lango likiwa wazi. Mzazi aliyesimama pembeni akirudi kazini, sare ikiwa bado mwilini, atazame atakachofanya mtoto huyo, naye afikiri kabla ya kupaza sauti. Neno atakalosema hapo, la sifa au la lawama, mtoto atalibeba hadi siku atakapovaa sare yake mwenyewe.